Mita Zinazopokezana: Redio Zinazobeba Habari za Umeme Nyumba kwa Nyumba

Tarehe 24 Novemba 2024 ilikuwa siku ya mwisho ya hesabu iliyofichwa ndani ya tokeni za umeme kwa miaka mingi. Tokeni ya tarakimu 20, iwe ya Luku Tanzania, ya Kenya Power au ya Yaka kule Uganda, hubeba ndani yake namba ya dakika zilizopita tangu 1 Januari 1993. Namba hiyo ilitengewa biti 24 tu, yaani nafasi 24 za sifuri au moja, kwa hiyo haiwezi kuvuka dakika 16,777,216, ambazo ni karibu miaka 32. Ikifika ukomo hurudi sifuri, na mita iliyofundishwa kukataa tokeni za zamani huanza kuiona kila tokeni mpya kuwa ya zamani.

Dawa yake ilikuwa kubadili ufunguo wa siri ndani ya mita, ili hesabu ianze upya. Ndiyo maana mwaka ule wateja wengi walionunua umeme walipokea seti tatu za tarakimu: mbili za kuiboresha mita, na ya tatu ya uniti zenyewe. Kazi hiyo haikuweza kufanywa kutoka makao makuu. Namba zilitumwa kwenye simu, kisha mteja akazibonyeza kwa kidole chake, moja baada ya nyingine, kwa sababu kati ya shirika la umeme na mita yake hapakuwa na njia nyingine. Mteja ndiye aliyekuwa waya wa mawasiliano.

Nalisema hili bila kuidharau tokeni. Mfumo huu ulizaliwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ubora wake mkubwa ni huohuo wa kutohitaji mtandao wowote kwenye mita. Umewafikisha mamilioni ya watu kwenye umeme bila msoma mita wala deni la mwisho wa mwezi. Lakini ni mazungumzo ya upande mmoja. Shirika linajua umenunua uniti ngapi. Halijui kama zimetumika, kama voltiji kwako imeshuka hadi friji haiwaki, kama mita imerukwa kwa waya, wala kama mtaa wenu uko gizani tangu saa mbili usiku. Hayo yote hulifikia kwa mtu kupiga simu.

Mita za kizazi kijacho zinakusudiwa kuzungumza pande mbili. Zipeleke matumizi kila baada ya dakika 15 au 30, zitoe taarifa umeme unapokatika, zipokee uniti bila mtu kubonyeza kitu, na zipokee pia programu mpya na funguo mpya. Kupima umeme wenyewe ni kazi iliyokwisha kutatuliwa zamani. Kinachosumbua ni namna ya kuzifikia mita milioni kadhaa, kila siku, kwa miaka 15 au 20, kwa gharama isiyozidi faida.

Njia ni kadhaa. Unaweza kutia laini ya simu ndani ya kila mita. Ni rahisi kuanza, lakini unalipia kila laini kila mwezi, na mita inakuwa mateka wa kizazi cha mtandao wa simu kilichokuwapo siku ilipofungwa. Unaweza kupitisha data kwenye waya uleule wa umeme, kama Italia ilivyofanya kuanzia 2001 na Ufaransa baadaye kwa mita zake za Linky. Wenye mita zilizopandishwa juu ya nguzo wameiona njia hiyo kwa udogo wake, maana rimoti ya Luku iliyo ndani ya nyumba mara nyingi huongea na mita kupitia waya huohuo. Unaweza pia kujenga minara michache ya redio ya masafa marefu, kila mita iongee na mnara moja kwa moja. Kaskazini mwa Uingereza na Scotland walichagua hivyo. Njia ya nne ndiyo ya makala hii: kila mita ipewe redio ndogo, na mita zibebeane ujumbe. Huo ndio mtandao wa meshi.

Mafundi wanapomwaga zege ghorofani bila winchi, karai hupita mkono kwa mkono. Wa chini hahitaji nguvu za kulirusha hadi juu. Anahitaji tu mtu wa kumpokea. Mita ndani ya meshi hufanya vivyo hivyo. Redio yake haifiki ofisi ya shirika wala mnara wowote. Inafika kwa jirani, jirani kwa jirani mwingine, hadi kwenye kisanduku kilichofungwa juu ya nguzo ya mtaa. Hicho nitakiita kikusanyio. Kikusanyio ndicho chenye laini ya simu au waya wa faiba, na kimoja huhudumia mamia au maelfu ya mita.

Swali la kwanza la msomaji makini litakuwa: mita inajuaje impe nani? Hakuna fundi anayepita akiandika kwamba mita ya nyumba hii ipitie nyumba ile. Mita hujipanga zenyewe, na utaratibu unaotumika sana umeandikwa kwenye itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, iitwayo RPL, iliyotolewa Machi 2012.

Kila kifaa hupewa daraja, yaani kipimo cha ugumu wa kukifikia kikusanyio, na kikusanyio hutangaza kwamba chenyewe kiko daraja la chini kabisa. Mita zinazokisikia hupima ubora wa kusikilizana nacho, zinajipa daraja, kisha nazo hutangaza. Za mbali zaidi husikia hizo, hujipa daraja la juu yake, na tangazo linaendelea kusambaa hadi pembezoni. Kila mita huchagua mzazi mmoja wa kumpa ujumbe, na huweka wengine wawili au watatu akibani.

Uzuri uko kwenye hesabu ya daraja. Watu wengi hudhani mita huchagua njia fupi. Mara nyingi sivyo. Tuseme mita inaweza kukifikia kikusanyio moja kwa moja, lakini kati ya kila ujumbe nne mmoja tu ndio unaofika. Kwa wastani itabidi itume mara nne. Jirani aliye katikati anasikika vizuri, tisa katika kumi hufika, na yeye naye husikilizana na kikusanyio kwa kiwango hichohicho. Kupitia kwake, jumla ya kutuma ni mara 2.2 hivi. Mita huchagua njia ya hatua mbili, kwa kuwa njia inayoonekana ndefu ndiyo inayotumia hewa kidogo.

Siku ghorofa jipya likijengwa katikati, au duka likifungwa shata za chuma, kiungo kilichokuwa kizuri huharibika. Mita huona majibu hayarudi, daraja lake linapanda, inamwacha mzazi wa zamani na kushika wa akiba. Hakuna aliyeitwa, na mteja hajui kitu. Matangazo ya daraja nayo yana busara yake: mtandao ukiwa umetulia, kila mita huongeza maradufu muda wa kusubiri kabla ya kutangaza tena, hadi ukimya unakuwa mrefu. Kikitokea kitu kisicho cha kawaida, muda hurudi kuwa mfupi na mazungumzo huchangamka mpaka utulivu urejee.

Kuna sharti moja linalosahaulika. Mita ya umeme inaweza kubeba mizigo ya wenzake kwa sababu imekaa juu ya umeme wenyewe, haihesabu betri. Kampuni ya PG&E ya California, iliyofunga mita za meshi kwa takriban wateja milioni tano wa umeme, huuza gesi pia. Mita zake za gesi hazikuingizwa kwenye meshi. Zinaishi kwa betri inayotakiwa kudumu miaka mingi, na mita ya betri ikianza kuwabebea majirani haitamaliza hata sehemu ndogo ya miaka hiyo. Kwa hiyo za gesi huongea moja kwa moja na vituo vyake na kunyamaza.

PG&E ni mfano ninaoupenda kwa sababu nyingine: ililazimika kusema hadharani redio zake hufanya nini kutwa nzima. Mwaka 2011, wakazi wengi wa California waliogopa kwamba mita hizo zinawamwagia mionzi. Jaji wa tume ya huduma za umma ya jimbo akaiamuru kampuni itoe takwimu. Jibu liliwashangaza hata watu wa fani. Kwa wastani, mita moja ilituma ujumbe wa usomaji mara 6 tu kwa siku. Ujumbe wa kulinganisha saa ulikuwa 360. Ujumbe wa kuendesha mtandao wenyewe, yaani kujulishana nani yupo na kubebeana mizigo, ulikuwa 9,600 kwa wastani, na kwa mita chache zilizokaa mahali penye msongamano ungeweza kufika 190,000. Pamoja na hayo, kila ujumbe ni mfupi mno, kiasi kwamba muda wote wa kutuma kwa mita ya wastani ulikuwa kama sekunde 45 kwa siku nzima.

Namba hizo zinaeleza meshi ni nini kuliko mchoro wowote. Mita hutumia sehemu ndogo sana ya sauti yake kujisemea. Kazi yake kubwa ni kuwa jirani.

Hofu ya mionzi ilihitaji takwimu hizo mapema, kabla ya mita ya kwanza kufungwa, na naamini sehemu kubwa ya mgogoro ingezuilika. Sekunde 45 za redio yenye nguvu ya wati moja, iliyo ukutani nje, ni kidogo ukilinganisha na simu inayobanwa sikioni. Lakini mtu asiyeambiwa kitu ana haki ya kuuliza. Mwaka 2012 tume iliruhusu wateja kukataa mita ya redio, kwa kulipa dola 75 mwanzoni na dola 10 kila mwezi. Na hapo meshi inaonyesha tabia yake tena: nyumba inayojitoa haijitoi peke yake. Inaondoa bega moja lililokuwa likibeba ujumbe wa nyumba za nyuma yake. Wakijitoa wachache waliotawanyika hakuna anayehisi. Ukijitoa mtaa mzima, walio ng'ambo ya mtaa huo wanaweza kubaki kisiwani.

Sasa redio yenyewe. Mita nyingi za meshi hutumia masafa ya mawimbi yaliyo chini kidogo ya gigahezi moja, kwa sababu hupenya kuta na majani vizuri kuliko yale ya juu yanayotumiwa na Wai-Fai. Mwaka 2012 kilitoka kiwango cha 802.15.4g cha IEEE, taasisi ya wahandisi, kilichoandikwa mahususi kwa ajili ya huduma kama umeme na maji, chenye kasi kama kilobiti 50, 150 au 200 kwa sekunde. Mwaka huohuo uliundwa muungano wa Wi-SUN, ambao hupima na kuthibitisha kwamba vifaa vya watengenezaji tofauti vinaelewana. Japani iliitumia Wi-SUN kwa kiwango kikubwa kuunganisha mita na vifaa vya ndani ya nyumba.

Kwetu Afrika Mashariki, masafa ndipo mahali pa kufungua macho. Marekani hutumia kati ya megahezi 902 na 928, redio ikirukaruka kutoka mkondo hadi mkondo kwa nguvu ya hadi wati moja. Kipande hicho hakiwezi kuletwa huku kama kilivyo: sehemu yake ya chini, hadi 915, ndipo simu zetu za masafa ya 900 zinapotumia kuongea na mnara. Sisi tuko kwenye kanda moja na Ulaya kimataifa, na huko Ulaya mita hutumia kati ya 863 na 870, mara nyingi kwa miliwati 25 na kwa masharti ya muda. Kwenye baadhi ya mikondo kifaa hakiruhusiwi kuwa hewani zaidi ya asilimia moja ya muda, yaani sekunde 36 kwa saa. Kwa mita inayojisemea tu, sekunde 36 ni nyingi. Kwa mita iliyo karibu na kikusanyio, inayobeba mizigo ya wengine mia mbili, huenda zisitoshe. Muuzaji anayeonyesha picha za mafanikio ya California anapaswa kuulizwa mapema sana: kwa nguvu gani, na kwenye masafa gani?

Je, kilobiti 50 kwa sekunde zinatosha? Tufanye hesabu. Tuchukue mita 1,000 chini ya kikusanyio kimoja, kila moja ikisoma mara 96 kwa siku, na tuseme kila usomaji pamoja na bahasha zake za siri una baiti 100. Jumla ni megabaiti 9.6 kwa siku. Kwa kilobiti 50, yaani baiti 6,250 kwa sekunde, kikusanyio kitamaliza kupokea yote kwa muda wa dakika 26 hivi katika saa 24. Hata ukizidisha kwa ajili ya ujumbe uliopotea na kurudiwa, nafasi ipo ya kutosha.

Geuza sasa upande wa pili. Imegundulika hitilafu ya usalama, na kila mita inahitaji programu mpya yenye kilobaiti 500. Ukizitumia moja moja, ni megabaiti 500, karibu saa 22 za hewa tupu kwenye hatua ya kwanza peke yake, kabla hujahesabu kwamba ujumbe huohuo unarudiwa hatua ya pili, ya tatu na ya nne. Hivyo haitumwi moja moja. Inatangazwa kwa wote vipande vipande, polepole, kwa siku kadhaa, kisha kila mita inaomba vile vipande ilivyokosa. Mtandao unaobeba usomaji kwa raha unaweza kulemewa na sasisho moja lililopangwa vibaya.

Sababu yake ni ya kimsingi. Hewa ni moja. Mita ikisema, majirani wake lazima wanyamaze, na ujumbe mmoja unaopita hatua tano umetumia hewa mara tano. Mwaka 2000, watafiti Piyush Gupta na P. R. Kumar walionyesha kwa hisabati kwamba katika mtandao wa aina hii, kadiri vifaa vinavyoongezeka ndivyo sehemu ya kila kimoja inavyopungua. Tena mizigo yote huelekea mahali pamoja, kwa hiyo mita zilizozunguka kikusanyio huchoka kwanza. Ukiona eneo linalosuasua, dawa kwa kawaida ni kuongeza kikusanyio cha pili, na hilo lina bei ambayo lazima iwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Jambo linaloniumiza kichwa zaidi ni umeme unapokatika. Wauzaji hulitaja kama sifa: mita ina hifadhi ndogo ya chaji, na umeme ukizimika inabaki hai kwa sekunde chache, inatuma ujumbe wa mwisho kusema nimezimika. Kwa nyumba moja iliyokatikiwa, hilo hufanya kazi vizuri kabisa. Majirani wako hai, ujumbe unapita, na shirika linajua kabla mteja hajashika simu.

Laini kubwa ikianguka, mambo ni mengine. Mita elfu moja hufa kwa pamoja, zote zinapiga kelele ndani ya sekunde zilezile, sauti zinagongana hewani. Jirani aliyetakiwa kubeba naye anakata roho. Anayebaki ni kikusanyio chenye betri, na kinachosikia moja kwa moja ni zile mita za karibu tu. Waliobuni mifumo hii walilikubali hilo: mita husubiri muda wa nasibu kabla ya kutuma, kila mmoja wake, na kompyuta ya shirika haingoji kusikia wote. Ikipata ishara kumi au ishirini za chini ya transfoma moja, inakisia kwamba transfoma yote iko gizani. Umeme ukirudi, ujumbe wa nimerudi ni wa kuaminika zaidi, kwa sababu sasa muda upo.

Lakini kurudi nako kuna gharama. Kila kukatika kukubwa kunavunja vunja madaraja, na meshi inajijenga upya tangu mwanzo. Mji ambao umeme hukatika mara chache kwa mwaka hauoni tatizo. Kwenye mtaa wenye mgao, au transfoma iliyoelemewa inayozimika kila jioni, mtandao unaweza kuwa unajijenga upya wakati uleule unaotakiwa kubeba usomaji. Hili halimaanishi meshi haifai kwetu. Linamaanisha kwamba kipimo cha muda wa kujijenga upya, ambacho kwa mnunuzi wa Oslo ni tanbihi, kwa mnunuzi wa Dar es Salaam au Kisumu kinapaswa kuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa zabuni.

Usalama unastahili kuangaliwa pande mbili. Upande wa kwanza ni wa siri: matumizi yangu yanapita kwenye mita ya jirani, je, atayajua? Hapana, kama mfumo umewekwa sawasawa. Ujumbe hufungwa kwa usimbaji wa AES wa biti 128 mara mbili: ufunguo mmoja wa kila hatua, unaozuia mita ya kigeni kujipenyeza, na mwingine kati ya mita yako na shirika, ambao jirani hana. Anabeba bahasha asiyoweza kuifungua.

Upande wa pili ni mzito zaidi. Mita hizi zina swichi ya kukata umeme kutoka mbali. Ross Anderson na Shailendra Fuloria wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionya mwaka 2010 kwamba nchi inayofunga mamilioni ya swichi za namna hiyo inajitengenezea udhaifu mpya, kwa kuwa atakayezishika funguo anaweza kuizima nchi bila kugusa mtambo wowote wa kuzalisha. Anderson hakuwa mgeni wa mambo yetu. Katika miaka ya 1990 aliwahi kuandika kuhusu mita za malipo ya kabla za Afrika Kusini. Kwa hiyo ni lazima ijulikane funguo kuu zinakaa wapi: kwenye mtambo wa siri ulio chini ya shirika la umma, au kwenye seva ya muuzaji nje ya nchi. Amri ya kukata wateja wengi kwa mpigo nayo ihitaji zaidi ya mtu mmoja kuiidhinisha.

Faida ambayo kwetu inaweza kulipia mradi mzima haizungumzwi vya kutosha. Ukifunga mita moja kwenye transfoma na kuilinganisha, dakika kwa dakika, na jumla ya mita zote zilizo chini yake, tofauti inayobaki ni upotevu wa waya pamoja na umeme unaoibwa. Upotevu wa waya hukadirika. Kinachozidi hapo kina anwani. Leo wakaguzi hupita mtaa mzima wakifungua maboksi kumtafuta kishoka aliyeruka mita. Kwa mita zinazoripoti pamoja, wangepelekwa kwenye transfoma husika, na saa ambayo pengo hufunguka. Ila sharti lake ni kwamba mita zote zisomwe kwa saa moja iliyolinganishwa. Kulinganisha saa si kazi ngeni kwa meshi: zile mita za California zilikuwa zinalinganisha saa mara 360 kwa siku.

Basi meshi ifungwe wapi? Kariakoo, Eastleigh, Kisenyi, Nyamirambo, mahali ambapo kutoka mita moja hadi nyingine ni hatua chache, meshi iko nyumbani kwake. Kila mita ina majirani kumi wa kuchagua, na kikusanyio kimoja kinabeba wengi. Hata huko kuna mitego. Mita zilizofungiwa kwenye boksi la chuma, kama zinavyofungwa kwenye maghorofa au juu ya nguzo ili vishoka wasizifikie, haziwezi kutoa sauti mpaka antena itolewe nje au boksi liwe la plastiki ngumu.

Vijijini ambako nyumba yenye umeme inafuatwa na shamba, korongo, kisha nyumba nyingine, hakuna wa kumpokea karai. Kulazimisha meshi huko ni kujaza nguzo kwa virudufishi vya redio, vifaa vya kupokea ujumbe na kuurusha tena, ambavyo vitahitaji matengenezo milele. Hapo laini ya simu kwenye kila mita, au data kwenye waya wa umeme, ni busara zaidi. Siku hizi zipo mita zenye redio na njia ya waya pamoja, na kila hatua mita huchagua inayosikika vizuri. Kwa miji yetu yenye kingo zinazoyeyuka polepole kuwa mashamba, mseto huo unanivutia kuliko mfumo wowote wa aina moja.

Kijiji chenye gridi yake ndogo ya sola ni jambo jingine. Nyumba zimejikusanya, mhudumu ni mmoja, na mtandao wa simu ni hafifu. Kampuni ya SparkMeter, iliyochipuka kutokana na kazi ya shirika la EarthSpark International katika mji wa Les Anglais nchini Haiti, ilitengeneza mita za meshi kwa mazingira ya namna hiyo: mita huongea zenyewe kwa redio hadi kituo kimoja, na kituo ndicho kinachoitafuta intaneti inapopatikana. Mita zake zimefungwa kwenye gridi ndogo za Afrika pia.

Limebaki suala la kufungwa mikono na muuzaji. Meshi ya kwanza ya PG&E ilitoka kwa Silver Spring Networks, kampuni iliyoanzishwa 2002; mwaka 2018 ikanunuliwa na Itron. Shirika la umeme linanunua mita kwa miaka 15 au 20, na ndani ya muda huo kampuni huuzwa, hufilisika au hubadili mwelekeo. Lugha ya redio ikiwa ya siri ya kampuni moja, kila mita ya nyongeza itanunuliwa kwao, kwa bei yao. Tokeni ya tarakimu 20 haikutufunga hivyo, kwa kuwa kanuni zake zilikuwa wazi na watengenezaji wengi walizifuata. Mita za redio zidaiwe uwazi huohuo, kuanzia redio na itifaki ya njia hadi lugha ya data, ambayo kwa kawaida ni DLMS/COSEM.

Cheti cha kuelewana kina thamani, lakini lipo jaribio ambalo shirika linaweza kulifanya lenyewe kabla ya kutia saini. Lichague mtaa mmoja wenye nyumba za kawaida, kuta za tofali na mabati, mwenye shata na mwenye miembe. Lifunge mita za watengenezaji wasiopungua watatu, zichanganywe nyumba kwa nyumba, chini ya kikusanyio cha mmoja wao. Liziache msimu mzima wa masika, maana majani yaliyolowa hunywa redio. Lizime transfoma jioni, lihesabu ni ujumbe ngapi wa mwisho uliofika, liiwashe na kupima dakika zilizopita hadi asilimia 99 ya mita zirudi hewani. Lirudie kwa wiki kadhaa. Mwishoni litume programu mpya kwa mita zote, siku ileile ambayo usomaji wa mwisho wa mwezi unatakiwa, na matokeo yawekwe hadharani pamoja na bei.